Upepo ni wa Mungu, Upepo wa Ubavuni ni wa Binadamu

Ndugu wafanyakazi, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za malori, soko, kiwanda, mashamba ya chai na mitumbwi ya Ziwa Kivu. Leo tunaomba mtuvumilie tuzungumze habari za wafanyakazi wa namna nyingine, ambao hapa Gisenyi hatuwaoni kila siku. Hao ni marubani wa ndege ndogo wanaofanya kazi katika nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya na majirani zake, na hasa wale wanaopiga dawa ya nzige. Tunataka kueleza jinsi wanavyotua wakati upepo mkali unapowapiga ubavuni. Tunataka pia kueleza kwa nini jambo hilo si la ushujaa wala la bahati, bali ni la masharti ya kazi, sawasawa na mshahara na saa za kupumzika.

Msomaji atauliza: yatuhusu nini sisi watu wa ziwani na milimani? Yatuhusu chakula.

Mwisho wa Disemba 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya kutoka Somalia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisema kwamba Kenya haikuwa imeona uvamizi mkubwa kama ule kwa miaka 70. Februari 2020 nzige wakaingia Uganda upande wa Karamoja, na mwezi huohuo kundi dogo likafika Kongo, kwenye ufuko wa Ziwa Albert karibu na Bunia. Jambo hilo halikuwa limeonekana Kongo tangu mwaka 1944. Kutoka Bunia mpaka hapa kwetu, ukipima kama ndege anavyoruka, hazifiki kilomita 400. Na nzige wakipata upepo mzuri wanaweza kwenda kilomita 150 kwa siku moja.

Kundi la nzige lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba laweza kuwa na nzige milioni 40 au zaidi, nao kwa siku moja hula chakula ambacho kingewatosha watu 35,000. Hesabu hiyo ilinganisheni wenyewe na mashamba ya maharage, mahindi na viazi ya wilaya yetu. Nzige hawakufika hapa. Sababu zilikuwa nyingi, na mwenendo wa upepo ulikuwa mmojawapo. Lakini sababu nyingine ilikuwa watu waliotoka alfajiri, wengine kwa miguu na mabomba mgongoni, wengine kwa ndege, wakawapiga nzige vita mbali na sisi. Mtu akilinda shamba lako bila wewe kumwona, si haki useme kazi yake haikuhusu.

Kazi ya kuufuata upepo

Lipo shirika la nchi za Afrika ya Mashariki la kupambana na nzige wa jangwani, liitwalo kwa kifupi DLCO-EA, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1962. Nchi yetu haimo katika orodha ya wanachama wake, lakini faida yake hatuwezi kuikana. Kwa miaka mingi shirika hilo limetumia ndege iitwayo Beaver, iliyoruka mara ya kwanza nchini Kanada mwaka 1947. Beaver ni ndege ya gurudumu la mkiani: ina magurudumu mawili makubwa mbele na kijigurudumu kimoja chini ya mkia, hata ikisimama chini pua yake hutazama juu. Ndege nyingi zilizoundwa hasa kwa kupiga dawa, kama Air Tractor na Thrush, zina umbo hilohilo. Hata Super Cub, ambazo maaskari wa wanyama wa Kenya wamezitumia kwa miaka mingi kuwasaka majangili, ni za mkia.

Wengine hudhani ndege hizi bado zinatumika kwa sababu ya umaskini. Sivyo. Pua ikiwa juu, panga la injini hukaa mbali na mawe na changarawe. Kijigurudumu cha mkia ni chepesi, na magurudumu makubwa ya mbele hustahimili mashimo. Katika njia ya udongo iliyokatwa porini, ndege ya namna hii ni chombo cha kazi, kama lori la magurudumu manene kwenye barabara mbovu.

Lakini chombo hiki kina tabia yake, na madereva wenzetu wa malori ya tela wataielewa upesi kuliko profesa. Ukienda mbele na tela, tela hufuata lenyewe. Ukipiga rivasi mambo hugeuka: tela likipinda kidogo linataka kupinda zaidi, na usipowahi kulirekebisha linakunja na kulala njiani. Ndege ya mkia ikiwa inakimbia chini ni kama tela linalorudishwa nyuma. Sababu ni kwamba uzito wake umekaa nyuma ya yale magurudumu makubwa mawili. Pua ikipinda kidogo, uzito ule wa nyuma unataka kupita mbele. Kosa dogo hukua lenyewe. Rubani asipolizima mwanzoni, ndege huzunguka kama pia, bawa hugusa ardhi, mguu wa gurudumu huvunjika, na kama mafuta yamemwagika moto huwa karibu.

Sasa ongeza upepo wa ubavuni. Mkia wa ndege ni mpana na umesimama kama tanga, na upepo ukiupiga kwa upande huusukuma, pua ikageukia kule upepo unakotoka. Hivyo upepo unafanya kazi ya kuanzisha lile kosa dogo, na uzito unamalizia. Na nguvu ya upepo haikui kama watu wanavyodhani: upepo ukiwa na mwendo mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Mvuvi wa sambaza hapa Kivu anajua hivyo mwilini mwake, ingawa hakufundishwa darasani.

Jinsi wanavyotua

Rubani anayekuja kutua katika upepo huo hawezi kuielekeza pua njiani moja kwa moja, maana atasukumwa pembeni. Huigeuza pua kidogo kuelekea upepo, akawa anakwenda kimshazari, kama mtu anayevuka mto kwa mtumbwi akielekeza omo juu ya mahali anapotaka kufika. Akikaribia ardhi hawezi kuendelea hivyo, kwa sababu magurudumu yakigusa kimshazari ndege itavutwa upande. Kwa hiyo kwa sekunde chache lazima afanye mambo mawili yanayopingana: kwa miguu anasukuma usukani wa mkia ili pua inyooke na njia, na kwa mkono anaishusha bawa la upande wa upepo ili ndege iegemee upepo usiiondoe njiani. Hugusa ardhi kwa gurudumu moja la upande wa upepo, kisha la pili, kisha mkia.

Msomaji asidhani kwamba hapo kazi imekwisha. Hapo ndipo hatari inapoanza. Usukani na mabawa hupata nguvu kutokana na mwendo wa ndege. Ndege inapopunguza mwendo, usukani unalegea, lakini upepo haujapunguza hata kidogo. Wakati ule mtazamaji wa nje anaposema "ameshatua", rubani ana silaha dogo kuliko wakati wote wa safari. Miguu yake haipumziki. Mkono wake unazidi kuegemeza vipande vya bawa upande wa upepo kadiri mwendo unavyopungua. Marubani wa zamani walisema ndege ya mkia inaendelea kuruka mpaka imefungwa kamba, na katika nchi ya upepo huo si mzaha: ndege ndogo iliyoegeshwa bila kufungwa inaweza kupinduliwa peke yake.

Jangwa lina nyongeza zake. Joto huifanya hewa kuwa nyepesi, kwa hiyo ndege hugusa ardhi ikiwa na mwendo mkubwa zaidi kuliko ingekuwa mahali pa baridi. Ardhi ikipata moto, upepo haushiki mwendo mmoja: huja kwa mapigo, ukatulia, ukapiga tena. Kuna visulisuli vya vumbi vinavyovuka njia bila taarifa. Na rubani wa nzige ana taabu ya pekee, kwamba kazi yake humpeleka kule upepo uliko. Nzige huruka na upepo. Anayewafuata hawezi kuchagua nchi tulivu.

Kuhusu upepo wa kaskazini mwa Kenya tuna ushahidi. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna bonde pana, na upepo wa kusini-mashariki hubanwa humo kama maji yanavyobanwa mferejini. Mwaka 1982 wataalamu wawili wa hali ya hewa, Kinuthia na Asnani, waliuandika upepo huo rasmi, na walionyesha kwamba huvuma mwaka mzima. Matajiri wa umeme nao wakaja. Karibu na Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, walisimamisha mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa mwaka 2019. Walipachagua kwa sababu upepo wa pale hufika kiasi cha mita 11 kwa sekunde kwa wastani, yaani kama kilomita 40 kwa saa. Mfanyabiashara wa umeme hupima upepo miaka kadhaa kabla ya kuweka fedha yake. Hatuna budi kuuliza: ni nani aliyepima upepo kabla ya kuweka maisha ya rubani?

Nani aliutengeneza upepo wa ubavuni?

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno letu kubwa. Watu husema upepo ni wa Mungu, na sisi tunakubali. Lakini upepo wa ubavuni si wa Mungu. Upepo huwa wa ubavuni kwa sababu mtu alikata njia ya ndege upande mwingine.

Tuangalie historia. Ndege za mwanzo zilizofika Afrika ya Mashariki, kama Gipsy Moth za miaka ya 1920 na 1930, zote zilikuwa za mkia, na nyingi hazikuwa hata na gurudumu huko nyuma, bali kipande cha kuburuta. Breki hazikuwa nazo. Zilitua vipi katika upepo? Zilitua kwenye uwanja mpana wa majani, ambao haukuwa na njia iliyochorwa. Rubani aliutazama moshi au mfuko wa kitambaa mlingotini, akageuka kuukabili upepo, akatua. Upepo ulipobadilika, naye alibadilisha upande. Upepo wa mbele ni rafiki wa rubani, maana hupunguza mwendo wake anapogusa ardhi.

Baadaye ndege zikawa nzito, zikahitaji njia ngumu iliyoshindiliwa. Kukata njia moja nyembamba ni rahisi kuliko kusafisha uwanja mzima. Basi porini ikakatwa njia moja moja, mahali pengine kwa kufuata upepo, mahali pengine kwa kufuata tu pale trekta lilipopita bila taabu, au pale palipokuwa karibu na barabara na nyumba ya mkubwa. Tangu siku ile upepo ukipiga kimshazari, anayelipa tofauti ya gharama ni rubani. Kile ambacho mwenye kiwanja hakukilipa kwa fedha, mfanyakazi hukilipa kwa miguu yake, macho yake, na pengine mifupa yake.

Na tusiambiwe kwamba haya ni mawazo ya watu wa chama tu. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, katika kanuni zake za viwanja, linashauri kwamba idadi ya njia na mwelekeo wake vipangwe ili kiwanja kiweze kutumika asilimia 95 ya wakati na ndege zinazokusudiwa. Na linataja kipimo: kwa ndege zinazohitaji njia fupi, zisizofika mita 1,200, mpango usihesabu upepo wa ubavuni unaozidi kilomita 19 kwa saa. Kwa ndege kubwa zinazohitaji njia ndefu, kipimo ni kilomita 37. Tazameni vizuri. Wenye elimu wamekiri wenyewe kwamba ndege ndogo yapasa kulindwa zaidi. Upepo wa kilomita 40 ukiivuka njia kwa nyuzi 30, ule wa ubavuni ni nusu yake, kilomita 20, na tayari kipimo kimepitwa. Ukiivuka njia moja kwa moja, wote 40 ni wa ubavuni.

Sisi watu wa Gisenyi tunao mfano wa jambo hili ng'ambo ya mpaka. Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka, lava ilifunika sehemu ya njia ya kiwanja cha Goma. Lava ni ya Mungu. Lakini njia ilibaki fupi miaka mingi, na kazi ikaendelea juu ya kile kipande kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa watu. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa hawakuwa hata abiria. Ajali kubwa huwa na sababu zaidi ya moja, lakini njia fupi haikumsaidia mtu yeyote siku ile. Kiwanja ni sehemu ya masharti ya kazi, kama vile ngazi ya mwashi au shimo la mchimba madini.

Habari ya ushujaa

Tunapodai hayo tunajibiwa kwamba rubani hodari hutua popote. Tumechoka na jibu hilo. Ndege ndogo katika nchi zetu zilianza kama mchezo wa mabwana, na mpaka leo vitabu vinasimulia ushujaa wao. Denys Finch Hatton alipoanguka na Gipsy Moth yake huko Voi mwaka 1931, habari zake ziliandikwa na zikaandikwa tena. Mtumishi wake Mkikuyu aliyekufa naye hutajwa kwa mstari mmoja, kama hutajwa kabisa. Hiyo ndiyo hasara ya kuigeuza kazi kuwa hadithi ya shujaa mmoja: wengine wanaobebwa humo husahauliwa.

Rubani wa nzige leo si bwana anayecheza. Ni mfanyakazi mwenye mkataba. Ana fundi anayemtegemea, ana mpimaji wa dawa, kijana wa pipa la mafuta, na mlinzi wa njia anayefukuza mbuzi. Na hodari kwa maoni yetu ni yule anayejua kuacha. Anapokaribia ardhi, akiona ndege inapelekwa pembeni, hutia nguvu injini, akapaa tena, akazunguka kuanza upya, au akaenda kiwanja kingine. Kitendo hicho si aibu. Ni sehemu ya kutua, kama breki ilivyo sehemu ya kuendesha.

Wapo wafanyakazi wenyewe wanaowacheka wenzao waliopaa tena. Hao tunawaonya. Anayemcheka mwenzake kwa kuogopa hatari ya kweli anamfanyia tajiri kazi bila kulipwa.

Tunajibiwa pia kwamba mfanyakazi akipewa haki ya kukataa, atakataa kila siku. Tunajua jibu hilo hata barabarani. Yuko dereva mwenzetu aliyesimamisha lori kwa sababu ya ukungu mzito kwenye milima ya barabara ya Ruhengeri, ambayo sasa ni Musanze, akakatwa ujira wa siku ile. Mwajiri hatumtaji. Lakini baada ya siku ile madereva wake wote walijifunza kupita ukunguni. Ukimlipa mtu kwa safari tu, au kwa saa za kuruka tu, umeshamwambia bila maneno kwamba tahadhari ataigharimia yeye. Huna haja tena ya kumwamrisha atue. Tumbo la watoto wake limeshamwamrisha.

Hatutaki kuficha kwamba kukataa kuna gharama. Rubani akirudi na pipa la dawa limejaa, kundi la nzige litaamka, litaruka, na shamba la mtu litaliwa. Mkulima au mfugaji wa Samburu au Marsabit ana haki ya kusikitika. Lakini ndege moja ikivunjika haitapiga dawa kesho, wala kesho kutwa, wala mwezi ujao, na rubani wa kazi hiyo hapatikani sokoni. Anayemlazimisha rubani kutua leo anahatarisha mashamba ya msimu mzima. Njia ya kumsaidia mkulima ni kuwa na njia ya pili ya kutua, wala si kumsukuma rubani kwenye ile moja mbaya.

Madai yetu

Kwanza, upepo upimwe kabla ya njia kukatwa, mwaka mzima, asubuhi na mchana. Mahali upepo unapogeuka kwa majira, ikatwe njia ya pili inayoivuka ya kwanza, hata kama ni fupi. Ndege hizi zikiukabili upepo hazihitaji njia ndefu.

Pili, iandikwe namba ukutani: upepo wa ubavuni wa kiasi gani, kwa ndege gani, kwa rubani mwenye uzoefu gani. Namba ikubaliwe siku ya utulivu, mezani, rubani akiwepo, wala isikisiwe wakati vumbi limeshaanza. Mfuko wa upepo uwepo kila kiwanja, mzima usiochanika, na mlinzi aliye chini awe na redio na ruhusa ya kusema "usitue".

Tatu, siku ya kungoja upepo ilipwe. Kupaa tena au kwenda kiwanja kingine kusiandikwe kama kosa katika faili la rubani.

Nne, ndege ibebe mafuta ya kutosha kujaribu mara ya pili na kufika kiwanja kingine. Anayempa rubani mafuta ya kufika tu amemnyang'anya haki ya kukataa kabla hajaondoka.

Tano, mafunzo yawe katika upepo wenyewe, pamoja na mwalimu, na yarudiwe kila mwaka. Ndege ya mkia haifundishwi kwa karatasi. Na saa za kazi zihesabiwe, maana mtu aliyeanza alfajiri na kutua mara sita amechoka miguu, na miguu ndiyo inayotua.

Sita, wale wanaochanganya dawa na kujaza ndege wapewe glavu, vifuniko vya pua, maji na sabuni. Upepo uleule unaomsumbua rubani huwarushia wao sumu usoni.

Madai haya hayatoki hewani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi akiwa na sababu ya kutosha ya kuamini kuna hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha au afya yake, alindwe asipate adhabu isiyo ya haki. Na Juni 2022 shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za wafanyakazi, pamoja na haki ya kuunda vyama. Maneno hayo hayakuandikwa kwa viwanda vya Ulaya peke yake. Yanamhusu rubani wa Turkana, mchimba madini wa kolta, mpagazi wa mpakani, na dereva aliye ukunguni.

Tunawaomba viongozi wa matawi, wanapokutana na vyama vya usafiri vya Kenya na Uganda, walipeleke jambo hili mezani. Wasilipeleke kama salamu tu. Waulize: katika viwanja mnavyovitumia, nani alipima upepo? Namba imeandikwa wapi? Aliyepaa tena mwezi uliopita, alilipwa? Na swali hilohilo tuwaulize waajiri wetu wa hapa kuhusu ukungu, mawimbi na breki.

Upepo hatuwezi kuuitisha mkutano. Aliyekata njia tunaweza.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.